Mayai Kumi na Matatu ya Kishingo

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya watu. Niko kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha kule Temeke, na kwa miaka kumi na moja sasa najaza fomu za vitu ambavyo sitavitumia: matairi, vigae, nywele bandia, pikipiki zilizokuja vipandevipande, na ndoo za plastiki ambazo mpaka leo sielewi kwa nini zipande meli. Mtu akikaa sana pale huanza kuamini kwamba kila shida ina dawa yake ndani ya kontena, na kinachotakiwa ni uvumilivu na muhuri. Kwa hiyo siku mama aliponiambia amechoka kuwabembeleza kuku waatamie, mwenzenu sikuwaza kuku. Niliwaza meli.

Mama ni mwalimu mstaafu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, alifundisha sayansi shule za msingi mpaka chaki zikamkausha vidole, kisha akajenga Chanika wakati ambao hata kuku walikuwa wachache huko. Anafuga wa kienyeji. Shida yake ilikuwa moja: kuku akishaatamia na kulea, anakaa karibu miezi mitatu bila kutaga, na mayai yanayobaki nje yanaozea kapuni. Nikatafuta kwenye simu, nikaona mashine ya kutotolesha mayai, inauzwa Guangzhou, picha zake zinang'aa kuliko friji ya bosi wangu. Nikaingia kwenye kontena la kuchangia pamoja na muuza wanasesere na dada mmoja wa mawigi, tukasubiri.

Ilifika baada ya miezi miwili na nusu. Ilikuwa na ukubwa wa kabati dogo la vyombo, mlango wa kioo, trei zinazojigeuza zenyewe kila saa, na namba nyekundu zinazoonyesha joto. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa cha Kichina, na kile Kiingereza kilichobandikwa pembeni hata mimi ninayesoma makaratasi ya bandarini nilikishindwa. Mama hakujali. Alivaa miwani, akaikagua mashine mbele nyuma kama anasahihisha daftari, akasema inaeleweka, tukaiweka sebuleni.

Kuanzia hapo kuku wake wakakoma. Kila aliyeng'ang'ania kiota mama alimkamata, akamchovya kwenye ndoo ya maji ya baridi mara mbili tatu mpaka hamu ya kuatamia ikamtoka. Ndivyo tunavyofanya wote, lakini mama aliifanya kwa bidii iliyonitisha kidogo. Alisema kazi ya kulalia mayai imeshahamishiwa kwenye idara nyingine.

Mtaa nao ukasikia. Mke wa mchungaji akaleta mayai yake, mzee mmoja mwanajeshi mstaafu akaleta ya kwake, mwenye duka la pembeni akaleta trei nzima. Mama aliweka alama ya kila mwenye mayai kwa kipande cha mkaa, akayapanga, akangoja trei zijae ili yaanze yote siku moja. Wa mwisho kuja alikuwa Bibi.

Bibi si ndugu yetu kwa damu. Ni jirani, Mzaramo, marehemu mumewe ndiye aliyetuuzia kiwanja. Mama anamwita dada na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, na shikamoo ikishaitikiwa tu utani unaanza, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Bibi husema sisi tulikuja pwani kichwani tuna mizigo ya watu na hatujaitua hadi leo. Mimi ndiye ushahidi wake. Akiniona natoka kazini huniuliza, "Mpagazi, leo umebeba nini?"

Siku ile alipofika hakutania. Alikuwa na kikapu amekikumbatia. Wiki iliyotangulia kicheche aliingia bandani kwake, akaua kuku wote, matetea na jogoo, wengi hata hakuwala, aliwanyonga tu na kuwaacha. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na mbegu yake mama yake mzazi alimpa kule Kisarawe siku alipoolewa. Alikuwa ameilea tangu hapo, kizazi baada ya kizazi, katika yote yaliyompata. Kilichosalia ni mayai kumi na matatu aliyokuwa ameyahifadhi ndani ya nyumba, kwenye mchanga, akingoja tetea wa kuyaatamia. Tetea sasa hakuwepo.

Aliyatoa moja moja, akampa mama. "Mwalimu," akasema, "haya yakiharibika, basi. Sina pengine pa kuyatoa."

Mama aliyapanga kwenye trei ya juu, akayachora msalaba wa mkaa. Bibi akacheka kidogo, akasema hata mayai ya Waislamu mnayabatiza, na mama akafuta akachora duara.

Siku ya saba tuliyapima. Unafunga madirisha chumba kiwe giza, unawasha tochi ya simu, unaliweka yai juu ya mwanga. Nilimwita Bibi aje aone ya kwake. Alisimama nyuma yangu, ameshika ncha ya kanga mdomoni, nami nikaweka yai la kwanza. Ndani kukaonekana mishipa myembamba myekundu imetandaa, na katikati kitone kinachorukaruka. Ulikuwa moyo. Bibi aliniomba nirudie. Nikarudia. Nikamwonyesha yote kumi na matatu, na kumi na mawili yalikuwa hai.

"Umri wote huu na kuku," alisema, "sijawahi kumwona kabla hajazaliwa."

Nilijisikia fahari ambayo sikuwahi kuipata kwenye fomu hata moja ya forodha. Nikajiambia kumbe meli zile zote zinazoshusha mawigi na ndoo zinaweza pia kuleta kitu cha kumfanya mwanamke wa miaka sabini na ushee ashike mdomo.

Ila fahari ina matangazo. Nilisambaza picha kwenye simu, na watu wakaanza kumiminika kutazama. Walisimama mbele ya kioo, wakahesabu mayai, wakapiga picha, wakasema maneno ya kusifu. Bibi alikosa raha. Kwetu sote, bara na pwani, kuku anayeatamia hawekwi sebuleni. Anawekwa nyuma ya mlango au uvunguni, penye giza, wala wageni hawaonyeshwi, kwa sababu macho ya watu si mamoja. Bibi alimwambia mama ayafunike. Mama akajibu, mbele yangu na mbele ya mke wa mchungaji, kwamba yeye amefundisha sayansi miaka thelathini na husuda haimo kwenye mtaala. Bibi alikwenda zake.

Siku ya kumi na sita nilikuwa ofisini asubuhi, mama akanipigia. Alisema tu, njoo. Niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda, nikafika roho iko mkononi.

Sebuleni kulikuwa na harufu ya waya ulioungua. Mashine ilikuwa kimya, namba nyekundu zimezimika. Na juu yake, kuanzia kichwani mpaka chini, kulikuwa na kanga imetandazwa vizuri, imeziba kioo na imeziba matundu yote ya hewa. Niliitambua ile kanga. Ilikuwa nusu ya doti ya Bibi, na nusu nyingine alikuwa amejifunga yeye mwenyewe, amesimama pale pale.

Sikuuliza. Hapo ndipo naona aibu mpaka sasa. Nilimgeukia mwanamke ambaye hata mama yangu humwamkia shikamoo, nikamwambia mbele ya mama na mbele ya mwenye duka kwamba mambo yake ya kizamani yameua mayai ya mtaa mzima, ya kwake mwenyewe yakiwa ya kwanza. Nilisema na mengine. Mama alikuwa ameinama anaangalia sakafu, nami nikadhani ni huzuni.

Bibi alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akaweka kiganja juu ya trei. "Bado yana joto," akasema. "Tuyahangaikie haya, mie utanigombeza baadaye."

Tukahangaika. Mama akachemsha maji, tukajaza chupa za plastiki, tukazifunga vitambaa na kuzipanga katikati ya trei, juu tukaweka blanketi. Mimi nikampigia video yule dada wa Guangzhou aliyeniuzia. Kwao ilikuwa alasiri. Alikuwa amekaa kwenye stoo kati ya mashine kama yetu, anakula tambi, na tulizungumza kwa ile programu ya kutafsiri ambayo yeye akisema maneno matatu ya Kichina, yenyewe inatoa Kiswahili cha kusomea risala. Nikamwonyesha ndani. Akasema kipasha joto kimeungua kwa kukosa hewa, kipya atakituma kwa ndege, kitafika baada ya siku kumi hivi.

Nikamwambia siku kumi hatuna, mayai yamebakiza tano. Aliweka tambi chini. Alifikiri, akasema neno refu, na simu ikatamka kwa sauti yake ya ofisini: "Tafadhali tafuteni kuku wa kawaida. Nyanya yangu hufanya hivyo umeme unapokatika."

Mashine ilikuwa imetoka ng'ambo ya bahari, ushauri nao ukatoka kule kule, na ushauri wenyewe ulikuwa kuku. Lakini kuku gani? Wa mama wote walikuwa wameshachovywa. Walikuwa nje wanaparura, wamesahau kabisa habari ya mayai. Mama alianza kutaja majina ya mashamba ya mbali ambako labda angepatikana mmoja.

Bibi ndiye aliyecheka kwanza. Alituambia tuangalie vizuri. Mtaa mzima umeleta mayai hapa, sawa? Na matetea waliotaga mayai hayo wako wapi? Wako makwao, alisema, na si kila mtu ana bidii ya kuchovya kama Wanyamwezi. Alikuwa akipita kwenye nyumba za watu na aliwaona: matetea wamekalia viota vitupu, wamevimba manyoya, wanaatamia hewa.

Tukatoka wawili, mimi na yeye, na tenga kichwani kwangu. Alifurahi sana kuniona na tenga. Njia nzima aliniita mpagazi, na mimi niliyetoka kumtukana muda si mrefu nikaongeza mwendo. Kwa mke wa mchungaji tulipata mweusi mmoja mkali aliyenidonoa hadi damu. Kwa mwanajeshi tulipata wawili, na mzee mwenyewe akaja nao kwa miguu, amewabeba kwapani huku na huku, akisema yeye hawezi kuwaachia askari wake waende bila kiongozi. Kwa mwenye duka mmoja. Kwenye nyumba za bondeni wanne. Bibi ndiye aliyewashika. Alimfunika kila mmoja kichwa kwa kitambaa kabla hajamwinua, alimwinua pamoja na majani ya kiota chake, na hakuruhusu mtu aongee wakati anamweka kwenye tenga au kwapani kwa mzee. Alinieleza kwamba kuku anayeatamia ukimhamisha mchana na macho yake wazi, huko aendako atasimama na kuondoka. Anahitaji kudhani hajaenda popote.

Tuliwapanga stoo kwa mama, kwenye maboksi na mabeseni, dirisha tumelizibia gunia na ile ile kanga. Bibi aliingiza mayai chini yao kwa kupapasa, yai moja baada ya jingine, kiganja kikiwa juu ili wasiyapasue. Ya kwake kumi na mawili alimpa yule mweusi mkali. Niliuliza kwa nini yeye. Alisema kuku anayedonoa mgeni hivyo hataki mchezo na kazi yake.

Wanane walikaa. Hakuna hata mmoja aliyesimama. Nilisikiliza mlangoni nikasikia ule mlio wao wa chini wa kooni, nikalia kidogo, halafu nikaenda kujipaka dawa mkononi.

Kesho yake mama aliniita jikoni. Aliendelea kuchambua mchele huku akinieleza, macho kwenye ungo. Alisema ile kanga Bibi alimpa zawadi tangu Idi, nusu yake nusu ya mama, wavae sare. Na kwamba aliyefunika mashine ni yeye. Watu walipozidi kuja, na mmoja akasema mbele ya kioo kwamba mayai haya yote hayawezi kutoka salama, usingizi ukamwisha. Asubuhi ile alipobaki peke yake aliyafunika, kisha akaenda kanisani kwenye jumuiya. "Nilijua matundu yale ni ya nini," akasema. "Nilijua, na bado nikafunika."

Nilimuuliza kwa nini hakusema nilipokuwa namtukana Bibi. Akasema alishindwa. Mama yangu, ambaye alinichapa mara moja tu maishani na ilikuwa kwa uongo, alishindwa.

Nikaenda kwa Bibi siku ile ile. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani na yakatoka ovyo. Akaniambia alimwona mama kwa macho yake, alikuwa anapita dirishani akamwona anaitandaza kanga na kuinyoosha pembe. Alifurahi. Alidhani mtani wake amemsikiliza, naye hakujua chochote kuhusu matundu. Basi, nikamuuliza, mbona ulikubali nikutukane?

"Mwenye nyumba haaibishwi mbele ya mwanawe," alisema. "Mie mtani tu. Mtani anabeba."

Siku ya ishirini na moja stoo ililipuka kwa sauti. Vifaranga wa mwanajeshi walitangulia, kama ilivyotarajiwa, wakafuata wa dukani, wa bondeni, wa mama. Si wote. Mengine yalikuwa yameungua siku ile ya moshi, lakini zaidi ya nusu yalitoka, na mtaa ulikuja na matenga na vicheko kuchukua haki zao. Kuku mweusi peke yake ndiye hakuinuka. Bibi alikaa kwenye kigoda mbele yake toka asubuhi. Trei ya juu, nilikumbuka, ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kipasha joto.

Siku ya ishirini na mbili ilipita hivyo hivyo. Nilimwambia mama tumwandae Bibi. Mama akasema Bibi ana akili zake, hatuhitaji kumwandaa. Nilitaka kuyapima kwa tochi, Bibi akakataa, akasema tumeshamsumbua mama wa watu vya kutosha.

Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, niko ofisini na fomu ya vigae mbele yangu, mama akanitumia picha. Mkono wa Bibi, na juu yake kifaranga bado mbichi, amelowa, shingo yake tupu nyekundu kama ya mtu aliyenyolewa vibaya. Nilisimama nikawaonyesha wenzangu wote. Mteja wa vigae naye aliangalia, akasema mbona ni mbaya hivyo, nikamwambia ndiyo, ni wa kishingo.

Walitoka sita. Picha niliituma pia Guangzhou, na yule dada akarudisha sauti ndefu ambayo simu iliitafsiri kwa maneno mawili: "Nyanya anacheka." Kipasha joto kilifika baadaye, mama akakifunga mwenyewe, na mashine inafanya kazi hadi leo, matundu wazi, sasa iko chumba cha ndani ambako wageni hawaingii. Huo ulikuwa uamuzi wa mama na hakuna aliyemuuliza ni wa sayansi au wa nini.

Miezi miwili baadaye, kuku mweusi alipowaacha watoto waende zao, Bibi alituita. Alikuwa amewaweka sita wale kwenye tenga, wamekua, shingo ndefu, wabaya kweli kweli. Kwa desturi, aliyeazimisha kuku wa kuatamia hupewa kifaranga mmoja, kwa hiyo tulijua mke wa mchungaji ataondoka na wake. Akapewa. Kisha Bibi akatoa wa pili, akampa mwanajeshi. Akatoa wa tatu, akamkabidhi mama, wakatazamana, hawakutaniana. Wa nne aliniwekea mimi mikononi, tetea mdogo mwenye hasira, akasema huyu anamfaa mtu mwenye mdomo.

Nikamwambia hapana, Bibi. Kumi na matatu yale ndiyo yalikuwa yamebaki duniani kwako, tumepigania haya hadi tumedonolewa, sasa unabaki na wawili tu?

Alifunga mlango wa tenga kwa kamba, polepole, akahakikisha fundo.

"Mie niliwaweka wote banda moja," akasema. "Sasa akitaka kuwamaliza, kicheche na azunguke mtaa mzima."